Nani Anamwona Mama Akila

Mama yangu alianguka jikoni asubuhi moja akiwa ameshika sufuria la uji, akalala pale sakafuni mpaka jua likawa utosini, ndipo jirani yake alipoingia kuomba chumvi akamkuta. Mama akiisimulia siku ile hasemi habari za nyonga wala maumivu. Anasimulia kuku. Waliingia wakadonoa uji wote uliomwagika, kisha wakapanda kwenye gunia la mahindi, na kila alipowafukuza kwa mdomo walimtazama tu wakaendelea, maana walishajua hainuki. "Kuku wangu wenyewe," anasema, "niliowalea tangu mayai." Hilo ndilo lililomuuma.

Mfupa haukuvunjika, Mungu alisaidia, lakini tangu siku hiyo akawa anatembelea fimbo. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Dodoma, akapiga simu kutoa hukumu. Mama hawezi tena kukaa peke yake. Ahamie Geita, kwangu. Aliyasema hayo kwa ile sauti ya watoto wa kwanza wa kiume, ambao nyumba zao huwa ndogo kila inapofika zamu ya kumpokea mtu.

Kwangu ni Kalangalala, nyuma ya duka langu la vitenge, na chumba cha kumweka mama kipo. Tatizo lilikuwa mume wangu. Si kwamba alikataa. Tatizo ni kwamba yeye ni mkwe. Kwetu Usukumani mama na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukwepana. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hawapeani mikono, hawakai benchi moja, na zaidi ya yote mkwe hapaswi kumwona mama mkwe wake akila. Wapo siku hizi wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, wanakula na wakwe zao meza moja na kupiga nao picha. Mama yangu hayumo. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu, mume wangu ameuona mgongo wa mama mara nyingi na uso wake labda mara nne, na katika hizo nne alikuwa amevaa miwani ya jua.

Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke akaishi nyumba moja na mkwe wake, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo! Mama aliposikia hukumu ya kaka alijibu kwa ufupi. "Nizikeni kwanza, halafu mnihamishe." Alikuwa na nyumba yake aliyoijenga na marehemu baba, kijijini, kabla hujafika Mwakitolyo. Kaburi la baba liko nyuma ya jiko. Kuku wake wako pale, wasaliti wale, na alishawasamehe. Alitaka kubaki hapo hadi siku zake ziishe, na hakumficha mtu.

Mume wangu ndiye aliyeleta wazo. Kazi yake ni kufunga kamera, na hapa Geita kazi hiyo haikosi wateja. Wanunuzi wa dhahabu, wenye maduara ya kuchimbia, wenye karasha za kusagia mawe, kila mwenye mali anataka kuuona mkono wa kila anayeigusa. Akasema siku hizi ziko kamera nyingine, za wazee, ambazo hazina habari na wezi. Kamera hiyo inamwangalia mtu nyumbani kwake, na ikimwona ameanguka inapiga kelele kwenye simu iliyosajiliwa nayo. Unaweza pia kumtazama ukiwa mbali, na ukitaka kusema unasema, sauti yako inatokea kule kule. Umeme ulikwishafika kwa mama, na mtandao kule ni mzuri kuliko barabara kwa ajili ya wachimbaji.

Kaka akakubali kwa shingo upande. Tujaribu mpaka baada ya mavuno, akasema, lakini ikionekana mama hawezi, anahama, na hataki kusikia habari za mkwe. Basi sote tulijua mambo yalivyo. Kamera ikifaulu, mama anabaki kwake. Ikishindwa, anakuja kukaa ukuta kwa ukuta na mtu aliyemkwepa miaka ishirini na miwili.

Siku ya kuifunga ilikuwa vichekesho vitupu. Mume wangu haingii ndani kwa mama mkwe wake, kwa hiyo nilipanda mimi juu ya kiti na drili mkononi. Yeye alisimama nje, ameupa mgongo ukuta wa dirisha, akipaza sauti. "Shusha kidogo! Zungusha kulia! Taa imewaka rangi gani?" Mama naye alikuwa uani upande wa pili kabisa, akichambua choroko, uso ameuelekeza kwenye zizi la watu wengine. Wawili hao wanaheshimiana, na mimi katikati yao natoboa ukuta wa marehemu baba. Nilitoboa matundu manne. Matatu hayakufaa na bado yapo, mama amechomeka humo sindano zake za kushonea.

Tulipomaliza mama aliingia, akasimama chini ya kamera na fimbo yake, akaitazama.

"Nani atakuwa ananiona?"

"Mimi, mama."

"Wewe tu?"

"Mimi tu."

Nilidanganya, na nilidanganya bila hata kumeza mate. Simu iliyosajiliwa na kamera ilikuwa ya mume wangu, kwa sababu yeye ndiye fundi na ndiye aliyejua kubonyeza. Kelele za kuanguka zingekwenda kwake peke yake. Mimi nilikuwa mgeni tu kwenye mtambo ule, naweza kutazama na kuongea, basi. Kumweleza mama hayo ilikuwa ni kumwambia kwamba mkwe wake anatembea na sebule yake mfukoni. Nikaona nimpunguzie mawazo. Ukweli ni kwamba nilijipunguzia mimi.

Wiki zile za mwanzo nilifaidi, siwezi kukataa. Mteja anasimama dukani anauliza kitenge cha rangi ya damu ya mzee, mimi macho kwenye simu namwangalia mama akipepeta mchele. Muuguzi wa zahanati ya pale kijijini alikuwa amemkataza sukari nyingi. Siku ya tatu nikamwona anatia kijiko cha kwanza kwenye chai, cha pili, mkono unarudi kwenye kopo. Nikabonyeza pa kusemea.

"Mama! Hicho ni cha tatu!"

Chai ilimwagika. Akatazama dari, akatazama redio, mwisho akaitazama kamera.

"Ng'wana wane," alisema taratibu, na mama akiniita mwanangu kwa Kisukuma huku ametulia hivyo najua nimeharibu, "unanifokea ndani ya nyumba yangu?"

Kesho yake akaanza utafiti. Alihamisha kigoda chake huku na huku akiuliza kama mtu mwenye nia njema kabisa. "Hapa unaniona?" Nakuona, mama. "Na hapa?" Nakuona. Akasogea nyuma ya mlango. "Na hapa je?" Hapo sikuoni mama, sogea mbele. "Wabeja," akasema, yaani asante, na tangu siku hiyo chai yote ilinywewa nyuma ya mlango. Nilimwonyesha maficho mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Majirani nao walikuja kwa zamu, wamevaa nguo za kanisani, kunisalimia. Mzee mmoja aliketi mbele ya kamera akatoa hotuba ndefu juu ya pikipiki yake iliyokufa injini, akitumaini nitaguswa. Baada ya muda walizoea, wakaacha. Aliyeacha kabisa kuingia ndani ni yule jirani aliyemkuta mama siku ya kuanguka. Ni mjane kama mama, mfupi, mwenye kicheko cha puani. Kwa miaka mingi wale wawili walikaa kwenye sebule ile wakiutenganisha ukoo mmoja mmoja wa kijiji na kuuunganisha tena vibaya. Sasa wakahamishia mazungumzo nyuma ya jiko, kwenye kaburi la baba, juani. Nilinuna. Nilijiona kama nimenyimwa haki yangu, kwa sababu nilitaka kusikia habari za kijiji.

Kisha ikaja siku ile ambayo bado inanichoma. Ilikuwa alasiri, dukani hakuna mtu. Mama aliingia kutoka uani, akaketi, akaweka fimbo chini, akaushika mguu wake kwa mikono miwili na kulia. Hakutoa sauti. Alilia mdomo ameufumba, mabega yanatikisika, kwa muda mrefu. Halafu akafuta uso kwa pindo la khanga, akachukua fimbo, akatoka kuita kuku kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi nikabaki nalia dukani peke yangu.

Laiti ningeishia kulia. Kamera ile inaweka kumbukumbu. Nikairudisha nyuma, nikakata kipande, nikamtumia kaka na maneno haya: ona mama anavyoteseka. Nia yangu ilikuwa aguswe, aje kumwona, alete dawa ya kuchua. Kaka akaguswa kwa namna yake. Jioni ile ile akampigia.

"Mama usilie. Mavuno yakiisha tu unahama."

"Nani kakwambia nalia?"

Kaka yangu ana sifa nyingi, wepesi si mojawapo. "Nimeona," akasema.

Mama hakunigombeza. Hakunigusia hata. Asubuhi iliyofuata alinisalimia kwenye kamera kama kawaida, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, akaniuliza hali ya duka, akaenda zake. Nikamwambia mume wangu kwamba mama sasa ameizoea kamera. Kumbe alikuwa kule kaburini na jirani yake wanakula njama.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Picha za mama akilia zimefika Dodoma. Kama zimefika Dodoma, zimefika wapi kwingine? Mama alijua kwamba Jumapili asubuhi naimba kwaya na simu yangu inakuwa imezimwa ndani ya pochi, kwa sababu nilishamwambia mwenyewe ili asiwe na wasiwasi nisipoitika. Kwa hiyo Jumapili, saa ya ibada, angejilaza sakafuni. Kama kweli anayemwona ni mimi tu, hakuna atakayekuja mpaka ibada iishe. Akija mtu kabla, basi kuna jicho jingine.

Mimi nilikuwa nimesimama mstari wa mbele wa kwaya ya akina mama, kipaza sauti mkononi, tunaimba wimbo wa sadaka. Mume wangu alikuwa nyumbani, maana tumbo lake humsumbua kila Jumapili yenye mpira. Mara nikamwona anaingia mlango mkubwa anakimbia, kandambili miguuni, shati limefungwa vifungo viwili. Mkono mmoja ameunyoosha mbele kabisa na ameshika soksi. Uso ameugeuzia pembeni kama mtu anayebeba kitu kinachonuka.

Ndani ya soksi kulikuwa na kitu kinalia.

Alikuja moja kwa moja katikati ya kanisa. Mzee wa kanisa aliyeshika kapu la sadaka akaona huyu ameguswa sana leo, akamsogezea kapu. Mume wangu akaivuta soksi yake nyuma. Mzee akasogeza tena kwa upole. Akaivuta tena. Watu wakaanza kunong'ona juu ya mwanaume anayegombania sadaka yake na kanisa.

"Ni mama," akaniambia aliponifikia, bado ametazama ukutani. "Toa uangalie. Mimi siwezi."

Nikaitoa simu kwenye soksi. Mama alikuwa sakafuni, amelala ubavu, hatikisiki. Nilipiga yowe, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kanisa zima lilisimama. Nikawasha simu yangu nikampigia jirani. Simu inaita tu. Nikapiga tena, inaita tu. Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi ya madhabahu. Mume wangu akawa anasema nimeshampigia muuguzi, nimempigia kwanza yeye kabla sijatoka nyumbani, tulia. Wanakwaya wote walikuwa wameinama juu ya bega langu.

Ndipo mlango wa mama ukafunguka kwenye kile kioo cha simu, muuguzi akaingia na mkoba wake anahema. Akapiga magoti. Mama akafumbua macho.

"Nani kakutuma?"

"Mama, tulia, usijigeuze. Umeumia wapi?"

"Nimekuuliza. Nani kakutuma?"

"Mkwe wako, wa Geita. Kanipigia simu."

Kutoka nyuma ya mlango, pale kwenye maficho niliyoyaonyesha mimi, akachomoza jirani na karanga mkononi. "Si nilikwambia!" akasema. Mama akainuka taratibu, akajifunga khanga vizuri, akaja chini ya kamera, akainua uso mpaka nikawa naona pua na jicho moja tu.

"Kumbe," alisema. "Mkwe wangu ananiona natafuna."

Kisha akachukua ndoo akaifunika kamera. Kioo kikawa cheusi. Mwanakwaya mmoja nyuma yangu akauliza kama tunaendelea na wimbo au tunarudia mwanzo.

Jumatatu tulikwenda, mimi na mume wangu, kwa wito wa mama. Njia nzima hakula kitu. Mwanaume yule ana aibu kuliko mtu yeyote ninayemjua. "Miaka ishirini na miwili," aliniambia, "nimemkwepa mama yule mpaka nikaingia kwenye miiba. Wewe umemwambia nini?" Nilimjibu kwa ukali kwamba asinianze. Nikiwa na kosa huwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa.

Kesi ilisikilizwa sebuleni. Mama alikaa kwenye kiti chake, mimi nikapewa kigoda, na mume wangu akasimama nje pale pale aliposimama siku ya kufunga, mgongo kwenye ukuta wa dirisha. Kwa kuwa mama na mkwe hawajibizani ana kwa ana kwenye jambo zito, jirani alikaa kati yao apitishe maneno. Kila mtu alikuwa anamsikia kila mtu vizuri kabisa. Hata hivyo hakuna neno lililoruhusiwa kupita bila yeye, na alivyoifurahia kazi hiyo.

"Muulize," mama akasema, "ameniona nikila mara ngapi."

Jirani akageukia dirishani. "Unaulizwa umemwona akila mara ngapi."

"Mwambie hata mara moja."

"Anasema hata mara moja."

"Nimesikia. Muulize, simu anayo, picha zimo, atakosaje kuniona?"

Mume wangu akaeleza, na mimi mwenyewe nilikuwa nasikia yote kwa mara ya kwanza. Tangu siku ya kwanza alihamishia kamera ya mama kwenye simu ya pembeni, isiyo na kazi nyingine. Akaitia kwenye soksi, akaifunga juu kwa mpira, akaitundika kwenye msumari karakanani kwake, hapo hapo nyumbani. Sauti inatoka, picha haitoki. Ikilia, anampigia muuguzi, halafu ananitafuta mimi niangalie. Nilikuwa nimeiona soksi ile msumarini siku zote nikadhani ana mahali anapoficha pesa, na nilikuwa nangoja nafasi ya kuikagua. Jana yake, akasema, alikimbia kutoka nyumbani mpaka kanisani ametazama pembeni, bajaji ikamkosa kidogo, na mpaka muda huu hajui kama mama alilala chali au kifudifudi.

Mkono wake ukaingia dirishani, mkono tu, ukiwa na soksi. Jirani akaipokea, akaigeuza, akainusa. "Imefuliwa," akatangaza. Akampa mama. Mama akaishika mapajani kwa muda mrefu. Mabega ya jirani yalikuwa yanatikisika, lakini alijitahidi asicheke.

Kisha mama akanigeukia mimi.

"Na wewe umeona nini?"

Nikaanza kujitetea. Mimi ni mwanao, nikasema, nimetoka tumboni mwako, kuna nini cha kunificha? Nani atakuangalia kama si mimi? Nikataja sukari, nikataja mguu, nikataja kuku. Nilisema sana. Mama alisubiri nimalize.

"Umeona nini, mayu?"

"Nilikuona unalia."

"Ukafanya nini?"

"Nikampelekea kaka."

Jirani akaacha kutafuna.

"Mbele ya huyu sijalia," mama akasema, akimwonyesha jirani kwa kidevu. "Mbele ya muuguzi sijalia. Kwenye msiba wa baba yenu nililia kidogo tu, watu wasije wakasema najionyesha. Nilikuja kulia humu kwa sababu ni kwangu. Wewe ukanichukua ukanitoa nje navyolia hivyo hivyo. Na machozi hayo hayo ndiyo mnayataka yanihamishe."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nikiwa msichana. Nilitaka kusema nisamehe mama, nikasema, lakini ilitoka sauti ndogo kama ya mtu mwingine. Nikatoa simu nikampigia kaka pale pale, mbele yao. Nikamwambia mama alijilaza sakafuni makusudi, na muuguzi akafika kabla kapu la sadaka halijamaliza kuzunguka. Kamera inafanya kazi. Mama hahami.

"Lakini ile video..." kaka akaanza.

"Ile niliiba," nikamwambia. "Ifute."

Akabisha kidogo, kwa desturi. Mama akaomba simu, akaiweka sikioni, akamwambia maneno matatu ya Kisukuma ambayo sitayaandika. Kaka akasema sawa mama, abaki.

Nilidhani yameisha. Nikainuka kuiondoa ndoo ili kamera iendelee kama zamani, mama akanizuia kwa fimbo.

"Kamera ibaki," alisema. "Nikianguka tena sitaki kuangaliwa na kuku. Ila ibaki kwa mkwe peke yake. Yeye hatazami."

"Mama! Mimi ndiye mwanao!"

"Ndiyo maana." Akamgeukia jirani. "Mwambie mkwe wangu wabeja."

"Unaambiwa asante," jirani akasema dirishani.

Mume wangu akajibu kutoka nje. "Mwambie nashukuru mimi."

Mkono ukaingia tena dirishani, safari hii ukiwa mtupu, kiganja juu. Nikaweka simu yangu humo. Ilirudi baada ya muda mfupi na sebule ya mama haikuwemo tena. Nilikasirika, nisidanganye tena. Mtu baki, aliyeletwa na ndoa, amekabidhiwa mama yangu, na mimi niliyenyonya ziwa lake nimefungiwa nje. Njia nzima ya kurudi nilimnunia. Yeye alikuwa anapiga mluzi.

Mavuno yamekwishapita. Mama yuko kwake. Jirani amerudi sebuleni, wanaongea wanavyotaka chini ya kamera ambayo hakuna mtu anayeitazama. Mimi nikitaka kujua hali ya mama, napiga simu kama watu wengine, naye ananiambia anachotaka nijue.

"Mguu unaendeleaje, mama?"

"Upo."

"Unauma?"

"Njoo uone."

Akakata. Mara ya kwanza nilidhani ananisimanga. Mara ya tatu ndipo nikajiuliza nilikwenda lini mara ya mwisho. Kabla ya kamera nilikuwa naenda kila mwezi. Tangu tulipoifunga mpaka tulipoitwa kwenye kesi, sikukanyaga kwake hata siku moja, na kila siku nilikuwa namwona.

Jumamosi nilifunga duka nikaenda. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, ningeweza kuusukuma. Nikapiga hodi. Ndani nikamsikia akipenga kamasi, akivuta kiti, akitafuta fimbo yake. Sikuchungulia. Nilisimama pale nje juani mpaka aliposema karibu.